Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza: jibu kwa mwalimu wa Kidato cha Kwanza

Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata ameandika hivi: "Nafundisha Kidato cha Kwanza, wanafunzi themanini na kitu katika mkondo mmoja, karibu wote wametoka shule za msingi za serikali. Nikifundisha kwa Kiingereza kitupu wananitazama tu. Nikiingiza Kiswahili wanachangamka, lakini mkuu wa idara anasema naua lugha, na nimeonywa kwamba mthibiti ubora akinikuta hivyo nitapata matatizo. Je, nitumie Kiswahili au niache? Na kama nitumie, kiasi gani?"

Mwalimu mwenzangu, tumia. Nalitanguliza hilo ili usisome yaliyobaki kwa wasiwasi. Swali lako la pili, la kiasi gani, ndilo gumu, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kwanza ujue katazo hili lilikotoka, maana wengi wetu tulilipokea chuoni kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mwaka 1878 Maximilian Berlitz, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alifungua shule ya lugha mjini Providence, Rhode Island. Njia iliyompatia jina ni ya kufundisha kwa lugha inayofundishwa peke yake: mwalimu anaonyesha kitu, anakitaja, anauliza, mwanafunzi anajibu. Shule za namna ile zilipokea watu wazima wachache waliolipa ada kwa hiari, na mara nyingi mwalimu hakuijua lugha ya mwanafunzi. Darasani kwako kuna watoto themanini wenye lugha moja ya kuelewana, na mwalimu anayeijua lugha hiyo kuliko wao. Hayo ni mazingira mengine kabisa.

Kwetu Afrika Mashariki katazo hilo lilipigiwa muhuri karibu zaidi na nyumbani. Januari 1961 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson alizichambua fikra zilizojengeka kutokana na mkutano ule, akazihesabu tano na kuziita zote potofu: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa na lugha hiyo, kwamba mtoto akianza mapema zaidi ndivyo atakavyofaulu zaidi, kwamba Kiingereza kikizidishwa matokeo nayo yatazidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Ukisoma ya kwanza na ya mwisho utamsikia mkuu wako wa idara akizungumza. Usimlaumu. Alifundishwa hivyo, na waliomfundisha walifundishwa hivyo.

Upande wa kutumia lugha ya mwanafunzi una hoja zenye nguvu. Jim Cummins wa Kanada ameeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba uwezo wa kusoma, kupanga hoja na kufupisha habari haujifungi ndani ya lugha moja; mtoto akiujenga katika lugha anayoimudu, anahama nao. Watoto wako wamesoma miaka saba kwa Kiswahili. Wanajua aya ni nini, wanajua kisa kina mwanzo na mwisho, wanajua kutofautisha sababu na matokeo. Ukiwafungia Kiswahili nje ya mlango umewafungia na hayo yote, kisha unaanza kuwafundisha upya kama watoto wa chekechea. Naye Paul Nation wa New Zealand, ambaye kazi yake kubwa ni ufundishaji wa msamiati, anatetea waziwazi kutoa maana ya neno kwa lugha ya mwanafunzi, kwa kuwa ni njia fupi, nyepesi na inayoeleweka mara moja.

Hata hivyo hofu ya mkuu wako ina ukweli ndani yake, na nisingependa uipuuze. Kwa wengi wa wanafunzi wako, kipindi chako ni karibu mahali pekee wanapoweza kusikia Kiingereza kinachosemwa kwa kuwalenga wao. Nyumbani hakipo, sokoni hakipo, na kwenye masomo mengine wanakutana nacho kwenye madaftari tu, kimenakiliwa kutoka ubaoni. Upimaji wa Kidato cha Pili utawauliza kwa Kiingereza na kutaka majibu ya Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza Kiingereza cha shule za Tanzania wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kufuata masomo yao. Miaka arobaini imepita, na wewe unaandika barua ileile. Kwa hiyo dakika arobaini za kipindi ni mali, na Kiswahili kinachozimeza bila kurudisha kitu ni hasara kweli.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye kiasi. Watu huuliza asilimia ngapi, nami sipendi kutoa asilimia, kwa sababu unaweza kutumia Kiswahili dakika mbili ukaua somo, au dakika kumi ukaliokoa. Kipimo ninachowapa walimu ninaowafundisha ni hiki: baada ya kusema Kiswahili, wanafunzi wamefanya nini kwa Kiingereza katika dakika chache zilizofuata? Kama maelezo yako ya Kiswahili yamewawezesha kusema au kuandika sentensi ambazo kabla yake wasingeziweza, yalistahili. Kama uliendelea kueleza, nao wakaendelea kusikiliza, hadi kengele ikalia, umefundisha habari za Kiingereza kwa Kiswahili na lugha yenyewe haikuguswa.

Sasa nikuambie jambo ninalolikuta darasa baada ya darasa, na ambalo naona ni kubwa kuliko yote katika jibu hili. Mwalimu anaingia, anasalimia kwa Kiingereza cha kukariri, wanafunzi wanajibu kwa wimbo. Anasoma kifungu cha kitabu kwa Kiingereza. Halafu mtoto wa nyuma anachelewa kuingia, na mwalimu anamuuliza alikuwa wapi, kwa Kiswahili. Dirisha linaingiza upepo, anaagiza lifungwe, kwa Kiswahili. Anasifu, anakemea, anatania, anagawa madaftari, anatangaza mkutano wa wazazi, vyote kwa Kiswahili. Mtoto anajifunza bila kuambiwa kwamba Kiingereza ni cha kwenye kitabu, na binadamu wakitaka kuambiana kitu cha kweli wanageukia Kiswahili. Mpangilio huo umegeuka juu chini. Yale mambo madogo ya kila siku ndiyo Kiingereza rahisi kuliko chote, yanajirudia, na maana yake inaonekana kwa macho. "Why are you late?" haihitaji tafsiri kwa mtoto aliyesimama mlangoni akihema. "Close the window, please" unaisema huku umenyoosha mkono. "Pass the books to the back." "Who is absent today?" "Well done, that was a long sentence." Hayo yote yabaki katika Kiingereza tangu wiki ya kwanza, bila kulegeza, hata ukilazimika kurudia mara tatu kwa ishara. Kiswahili kiweke akiba kwa mambo ambayo ishara na picha haziyawezi.

Kwa mfano neno "unless". Nimemwona mwalimu mzuri kabisa, mwenye juhudi, akitumia robo nzima ya kipindi kulieleza kwa Kiingereza, kwa mifano juu ya mifano, na kila mfano ukiwa na maneno mengine mapya. Mwishoni darasa likaitikia "Yees" na hakuna aliyejua. Andika ubaoni: "I will not go unless you come with me." Sema: sitakwenda isipokuwa uje nami. Imechukua muda wa pumzi moja. Dakika zote zilizobaki ni za wanafunzi: kila dawati litunge sentensi yake ya "unless", wasomeane, wewe upite kati ya madawati ukisikiliza. Maneno kama "although", "however", "instead of", "whether" yafanyie hivyohivyo. Kwa "bucket", "sweep" na "heavy" Kiswahili hakina kazi. Ndoo ipo kwenye kona ya darasa na ufagio uko nyuma ya mlango.

Wolfgang Butzkamm, profesa kutoka Ujerumani aliyetetea sana nafasi ya lugha mama, ana mbinu nyepesi kwa usemi mpya: unausema kwa Kiingereza, unatoa maana kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, kisha papo hapo unaurudia kwa Kiingereza. "You skipped a line. Umeruka mstari. You skipped a line." Kuanzia hapo usemi huo ni wa Kiingereza tu, na kesho hutoi tena tafsiri. Lakini tafadhali usiichanganye na ile tabia ya kutafsiri kila sentensi mwaka mzima. Mwalimu anayesema kila kitu mara mbili, Kiingereza kisha Kiswahili, anazoesha masikio ya wanafunzi kuacha ya kwanza ipite. Kwa nini mtoto ahangaike na Kiingereza wakati anajua baada ya sekunde mbili kitaletwa kimeshatafunwa?

Kwenye sarufi ndipo Kiswahili kinapolipa zaidi, na hapa niruhusu nikae kidogo. Makosa mengi ya watoto wetu yana mantiki. Ni sarufi ya Kiswahili iliyovaa maneno ya Kiingereza. Mtoto anaandika "My mother is a teacher. He works in Manyoni." Hajui kama mama ni mwanamke? Anajua. Ila kiambishi "a-" hakikuwahi kumuuliza jinsia ya mtu, na Kiingereza kinamuuliza kila sentensi. Au anaandika "I come at school" kwa maana ya kutoka shuleni. Yeye ana "-ni" moja inayomtosha: naenda shuleni, nipo shuleni, natoka shuleni. Kazi ya kuonyesha mwelekeo inafanywa na kitenzi. Kiingereza kimempa kazi hiyo kineno kidogo, "to", "at", "from". Ukimwambia tu "umekosea preposition" amebaki pale alipokuwa. Mwandikie sentensi tatu za Kiswahili upande mmoja na tatu za Kiingereza upande wa pili, umwachie atafute mwenyewe tofauti iko wapi. Ataiona, na ataitaja kwa ufasaha, kwa sababu Kiswahili anakijua.

Mfano mzito zaidi ni "-me-". Vitabu vingi vinatufanya tuamini kwamba "-me-" ni "have" au "has", basi mtoto anachukua kanuni hiyo na kwenda nayo kila mahali. Anamwona mdogo wake yuko usingizini, "amelala", anaandika "He has slept." Anamweleza mwalimu wa zamu, "amevaa shati jeupe", anaandika "He has worn a white shirt." Mtu amesimama mlangoni anakuwa "He has stood at the door." Anasema "nimemwona jana", Kiswahili kinamkubalia, anaandika "I have seen him yesterday", na Kiingereza kinakataa. Somo la namna hii liandae kwa kugawa ubao sehemu mbili. Kushoto weka amelala, amekaa, amevaa, amesimama. Kulia, kwa kuwasaidia, "He is asleep", "He is sitting", "He is wearing", "He is standing". Waulize kwa Kiswahili: hawa watu, jambo lao limekwisha au bado wamo ndani yake? Watajibu bado wamo. Kisha weka "amefika", "amevunja kikombe", "amemaliza kazi", waulize vilevile, na hapo "has arrived", "has broken", "has finished" zinapata mahali pake. Mazungumzo hayo ya Kiswahili hayazidi dakika saba. Kisha yafunge, na dakika zote zilizobaki wanafunzi waelezane kwa Kiingereza wanachokiona darasani na nje ya dirisha: nani amevaa nini, nani amekaa wapi, nani amekwisha kumaliza. Somo hilo mwalimu asiyejua Kiswahili hawezi kulifundisha. Wewe unaliweza, na hilo ni jambo la kujivunia.

Kuna pia adabu za mazungumzo ambazo haziko kwenye kitabu. Ukimuuliza mtoto "Haven't you finished?" atajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, sijamaliza. Mwingereza ataelewa kwamba amemaliza. Mtu akijikwaa, mtoto anasema "Sorry!" kwa maana ya pole, na mgeni anashangaa anaombwa radhi kwa kosa gani. Dakika tatu za Kiswahili zinatosha kuweka hayo sawa, na watoto huyapenda sana kwa sababu yanahusu watu.

Upande wa kupima uelewa, acha kuuliza "Do you understand?" Jibu lake ni "Yes" siku zote. Mpe kila mtu maelezo ya zoezi kwa Kiingereza, kisha mwite mmoja: niambie kwa Kiswahili unatakiwa kufanya nini. Hapa Kiswahili kinatoka kinywani mwa mwanafunzi, wewe unabaki na Kiingereza chako, na ndani ya nusu dakika umejua kama darasa liko nawe. Ukigundua halipo, rudia kwa Kiingereza chepesi zaidi kabla hujakimbilia tafsiri.

Kwa insha, wape dakika tano za kujadili kwa Kiswahili, wawili wawili, watakachoandika. Ukiwalazimisha kufikiri na kuandika kwa Kiingereza kwa wakati mmoja katika mwaka wa kwanza, utapata sentensi zilezile kumi: "My name is", "I live in", "I like football". Wakijadili kwanza, wanakuja na jambo la kusema, na ile njaa ya kulisema ndiyo inayowafanya waulize neno. Huko Wales, Cen Williams alilipa jina jambo hili mwaka 1994, akieleza madarasa ambamo mwanafunzi husoma kwa lugha moja na kutoa kazi yake kwa nyingine. Kwako iwe: wasome kifungu cha Kiingereza, wakijadili kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza. Hatua ya tatu isikosekane hata siku moja.

Na tafsiri yenyewe kama zoezi usiidharau. Mwalimu wa kale wa Uingereza, Roger Ascham, ambaye kitabu chake kuhusu ualimu kilitoka mwaka 1570, aliwafanya wanafunzi wa Kilatini watafsiri kifungu kwenda lugha yao, kisha baada ya muda wakirudishe kwenye Kilatini bila kuangalia asili, halafu walinganishe. Jaribu na sentensi nne tu. Jumatatu wazipeleke kwenye Kiswahili, Jumatano wazirudishe kwenye Kiingereza, wafunue kitabu na kujisahihisha. Kwa darasa la themanini ni zoezi la thamani kubwa, maana kila mtoto ana majibu yake mwenyewe na wewe huna mzigo wa madaftari.

Neno moja kuhusu hiyo "lugha mama" ninayoitaja kirahisi. Ikiwa shule yako iko vijijini, baadhi ya watoto wako walianza maisha na Kinyaturu, Kisukuma, Kimaasai au nyingine kati ya lugha zetu zaidi ya mia moja, na Kiswahili walikikuta shuleni. Angalia wanaonyamaza hata unapoeleza kwa Kiswahili. Mkalishe mtoto huyo karibu na mwenzake wa lugha yake, na ukiwasikia wananong'onezana maana ya neno waache wamalize.

Sasa adhabu. Sijui kama shuleni kwako kuna kibao cha kuvaa shingoni, faini ya shilingi mia mbili, au orodha ya majina kwa mwalimu wa zamu kwa anayekutwa akizungumza Kiswahili. Kama vipo, tumia heshima uliyonayo kuviondoa, angalau kwenye vipindi vyako. Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa nimewaona watoto wenye akili njema wakipitisha muhula mzima bila kufungua kinywa. Aliyekatazwa Kiswahili na hana Kiingereza ameambiwa anyamaze, na hakuna aliyewahi kujifunza lugha kwa kunyamaza. Mahali pa adhabu weka ruhusa: anayekosa neno aliseme kwa Kiswahili ndani ya sentensi yake ya Kiingereza. "Teacher, I forgot my... kifutio." Unampa "rubber", anaisema tena sentensi nzima, mnaendelea. Wafundishe mapema kuuliza "How do you say kifutio in English?" na uwaache waitumie bila ukomo. Wale waliotoka shule za msingi za Kiingereza wagawe kwenye makundi wawe watu wa kuulizwa, na usiwatumie kamwe kuwaaibisha wenzao.

Kuhusu mkuu wa idara na mthibiti ubora, kinachowaudhi mara nyingi ni Kiswahili kinachoonekana kimeponyoka. Basi kionekane kimepangwa. Kwenye andalio la somo, katika hatua husika, andika wazi: dakika 6, ulinganisho wa "-me-" na hali timilifu ya Kiingereza kwa kutumia Kiswahili, dakika 20, wanafunzi wawili wawili wanaelezana kwa Kiingereza. Andalio likiwa hivyo, anayekuja kukuangalia anaona kusudi kabla hajasikia neno. Kisha mwombe mkuu wako, kwa heshima na mapema, akae kipindi kimoja nyuma ya darasa akiwa na kazi moja tu: ahesabu wanafunzi wangapi wamezungumza Kiingereza, na sentensi ngapi. Afanye hivyo kwenye kipindi chako, halafu kwenye kipindi cha mwenzako anayetumia Kiingereza kitupu, ikiwa mwenzako ataridhia. Chagua madaftari matano bila kubagua, ya mwezi Januari na ya mwezi Mei, uyaweke mezani pake. Mjadala wenu mwendeleze juu ya karatasi hizo.

Kama bado atakukataza kabisa, mtii kwenye kuzungumza na ubaki na yale asiyoweza kuyaona kama kosa: jedwali la sentensi mbili ubaoni, majadiliano ya wawili wawili kabla ya kuandika, daftari dogo la msamiati lenye safu ya Kiingereza, safu ya Kiswahili, na safu ya tatu, pana kuliko zote, ya sentensi aliyoitunga mwanafunzi mwenyewe.